Kitanda Karibu, Meza Mbali: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Makazi ya Wanafunzi wa Udaktari

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa wanafunzi wanaoingia mwaka wa tatu wa udaktari, au kwa wazazi wao. Mwaka huo ndio mwanafunzi anapotoka darasani kwenda wodini, na chumba kilichomtosha miaka miwili ya kwanza kinaanza kumsumbua. Nyingi zinahusu Dar es Salaam, kwa hiyo tumeanzia huko.

Mwanangu anaingia mwaka wa tatu Muhimbili na amekosa hosteli. Dalali amempatia chumba cha 75,000 kwa mwezi, anataka kodi ya mwaka mzima, yaani 900,000, na 75,000 yake mwenyewe. Anasema nitume leo kwa simu, la sivyo kinachukuliwa. Nifanyeje? – Mama M., Tabora

Mama, usitume. Chumba kinaweza kuwa kizuri kweli, lakini hela ya kodi haipiti mkononi mwa dalali. Mwanao aende akaonane na mwenye nyumba uso kwa uso, na malipo yaingie kwenye akaunti au namba ya simu yenye jina lilelile litakaloandikwa kwenye mkataba. Majina yakitofautiana, hata kwa maelezo kwamba "hiyo ni namba ya shemeji", asimamishe malipo hapohapo. Mwezi wa dalali ni desturi ya mji na hatuwezi kuufuta, ila hulipwa siku ya kukabidhiwa ufunguo, wala si siku ya kuonyeshwa chumba.

Kuhusu mwaka mzima: ombeni miezi sita, na mkipata mitatu mshukuru Mungu. Mkopo wa Bodi ya Mikopo kwa chakula na malazi ni 10,000 kwa siku, na bumu (hela ya mkopo anayopewa mwanafunzi kwa mkupuo) la siku 60 ni 600,000. Kodi ya miezi sita, 450,000, inabaki na 150,000 tu ya kula miezi miwili, kwa hiyo hapo lazima nyumbani muongezee. Kodi ya mwaka haiingii kabisa, ni mzigo wenu wote. Na kuna jambo ambalo wazazi wengi hawalijui. Mwaka wa kliniki, yaani wa kujifunzia wodini, mwanafunzi hakai hospitali moja. Kuna majuma atakuwa Muhimbili yenyewe, Upanga, na mengine atapelekwa Mloganzila, zaidi ya kilomita 20 kutoka hapo kwa Barabara ya Morogoro, au kwenye hospitali za rufaa za mkoa kama Amana, Temeke na Mwananyamala. Asome kwanza ratiba ya mizunguko, yaani atapita wodi na hospitali zipi na lini, ndipo mfunge mkataba.

Katika mkataba asikubali maneno ya jumla. Iandikwe namba ya mita ya LUKU (umeme wa kulipia kabla), nani anatengeneza bomba likipasuka, na kama anaruhusiwa kuingiza mwenzake wa kugawana naye kodi (jina la huyo mwenzake liandikwe pia, maana ugomvi mwingi huanzia hapo). Iwekwe na ruhusa ya kumpisha mpangaji mwingine amalizie muda uliobaki. Shahidi awe ofisi ya serikali ya mtaa.

Kabla ya yote hayo, chumba kikaguliwe mara tatu kwa saa tofauti. Saa 8 mchana asimame ndani dakika kumi: dirisha likitazama magharibi na bati likiwa halina dari, hapo hakuna mtu atakayelala mchana baada ya zamu ya usiku. Saa 4 usiku asikilize: baa, mkesha, gereji, jenereta. Saa 11 alfajiri afungue bomba aone kama maji yanatoka. Dalali hupenda kuonyesha vyumba saa 4 asubuhi, na saa 4 asubuhi kila chumba Dar kinapendeza.

Kimara nimepata chumba changu peke yangu kwa 50,000. Kariakoo kuna cha 150,000, nikigawana na mwenzangu ni 75,000 kila mtu. Marafiki wote wananiambia Kimara. – Mwaka wa 3, Dar es Salaam

Tupige hesabu. Tuseme nauli ya kwenda na kurudi ni 1,500, na kwa mwezi utakwenda hospitali siku 26, kwa sababu zamu za wikendi zipo. Hiyo ni 39,000. Kimara sasa ni 89,000 na Kariakoo ni 75,000, maana kutoka Kariakoo hadi Muhimbili unatembea. Tena hatujahesabu muda. Raundi ya madaktari wodini ikianza saa 1:30 asubuhi, wewe unatakiwa uwe umeshawaona wagonjwa wako, umeshasoma majibu ya maabara na kuandika. Wa Kimara anaamka saa 10 usiku ili awahi kabla foleni ya mabasi ya mwendokasi haijajaa. Wa Kariakoo anaamka saa 11 na nusu.

Halafu kuna Bonde la Msimbazi. Mvua kubwa ikinyesha, maji hufurika Jangwani, barabara hufungwa na mwendokasi husimama. Anayekaa Kimara, Manzese au hata Magomeni yuko ng'ambo ya bonde. Magomeni ni karibu kwa macho, lakini siku ya mafuriko iko mbali kama Kibaha. Upanga, Kariakoo na Ilala ziko upande mmoja na hospitali. Ndiyo maana kwa miaka ya kliniki tunapendekeza upande huu, hata kama chumba ni kidogo na mnabanana. Masika ni Machi hadi Mei, na mtihani haujui kwamba mvua imenyesha.

Kariakoo nayo ina lake: hailali. Malori hushusha mizigo usiku na wabeba mizigo hawanong'oni. Tafuta chumba cha uani, ghorofa ya pili kwenda juu, kisichotazama barabara ya maduka. Na usitegemee kusomea humo. Chumba cha mwaka wa kliniki ni cha kulala. Meza yako iwe maktaba au darasa lililo wazi usiku. Ukilazimika kuchagua kati ya kitanda karibu na hospitali na meza nzuri mbali, chukua kitanda.

Tuko wapangaji sita, LUKU moja. Kila mtu anachanga 10,000 lakini umeme unaisha kabla ya tarehe 20 na lawama zinanirudia mimi kwa sababu nawasha taa usiku kucha. – Msomaji, Ilala

Taa yako haina kosa. Balbu ya LED ya wati 9 ukiiwasha kwa muda wa saa nane kila usiku inakula uniti 2 na kidogo kwa mwezi mzima. Feni ya wati 60 kwa saa kumi ni uniti 18. Kompyuta mpakato kwa saa tano ni kama uniti 9. Pasi ya wati 1,000, robo saa, mara nne kwa wiki, ni uniti 4. Jumla yako haifiki 34. Sasa mtafute anayepikia jiko la plagi: wati 1,000 kwa saa mbili kila siku ni uniti 60. Huyo mmoja anakula karibu mara mbili yako na anachanga 10,000 ileile.

Bei nayo ina mtego. Mtumiaji mdogo wa nyumbani hulipa shilingi 100 kwa uniti, kabla ya kodi na tozo, kwa uniti 75 za kwanza za mwezi; akizidisha, uniti za ziada zinaruka hadi 350. Nyumba ya watu sita haiwezi kubaki ndani ya 75, kwa hiyo mara nyingi mita yake huwa kwenye kundi la juu, ambako kila uniti ni 292, na ukijumlisha kodi na tozo inafika kama 356. Kwa bei hiyo, uniti zako 34 ni kama 12,000. Mchango wako wa haki unapita 10,000, tukuambie ukweli. Lakini wa jiko ni zaidi ya 21,000 kwa jiko tu.

Na yule anayenunua umeme wa kwanza wa mwezi hukatwa kodi ya jengo, 1,500 kwa nyumba ya kawaida, humohumo kwenye LUKU. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba. Tunzeni ujumbe wa manunuzi, mwisho wa mkataba mumwonyeshe mkatane kwenye kodi ya chumba. Dawa ya kudumu ni mita ndogo kwa kila chumba: fundi anazifunga baada ya mita kuu, mnasoma namba kila mnaponunua, na kila mtu analipa alichotumia. Zisomwe mbele ya watu wawili.

Mwenzangu wa chumba yuko kwenye mitihani, mimi niko zamu za usiku. Nikirudi asubuhi anasoma kwa sauti, nikilala jioni anawasha taa. Tunakaribia kugombana. – Mwaka wa 4, Dodoma

Hapo mnakosea wote wawili, na hakuna mbaya. Watu wawili wa mizunguko tofauti katika chumba cha futi kumi kwa kumi ni ratiba mbili zinazogongana. Muhula ujao tafuta mwenzako wa mzunguko mmoja, hata kama hamna urafiki mkubwa. Urafiki mnaweza kuupata baadaye. Usingizi uliopotea haurudi.

Kwa sasa wekeni saa. Tuseme kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 8 mchana chumba ni cha kulala, na yeye anahamia maktaba na vitabu vyake. Jioni anatumia taa ndogo ya meza iliyogeuziwa ukutani badala ya taa ya dari. Wewe nunua pazia zito jeusi na vizibo vya masikio, na feni iwake hata kukiwa na ubaridi kidogo, kwa sababu mvumo wake unafunika kelele za uani. Simu iwe kimya, isipokuwa namba ya kiongozi wa kundi lenu.

Wiki mbili kabla ya mitihani ya mwisho tunaoishi mbali huhamia hosteli "kubebana" na marafiki. Kuna ubaya? – Mwaka wa 5, Dar es Salaam

Sheria za hosteli haziruhusu, na ukikamatwa anayeumia ni mwenye chumba. Lakini hata usipokamatwa, watu wawili kwenye kitanda cha futi tatu na nusu hawalali, wanapokezana kugeuka. Kwa siku za maandishi, afadhali ulale kwako na uwahi. Siku za vitendo ndizo za hatari, kwa sababu kituo chako cha mtihani kikikupita, mgonjwa hakusubiri na mtahini hakurudii, na sapu (mtihani wa marudio) inaanzia hapo. Wekeni akiba tangu mwanzo wa muhula, mchange watatu, mkodi chumba cha gesti kilicho karibu kwa usiku huo mmoja au miwili. Kikagueni mchana. Gesti nyingi zina muziki chini.

Mimi ni msichana, nakwenda mzunguko wa wazazi. Wanasema watoto huzaliwa usiku. Nitarudije chumbani saa 8 usiku? – Mwaka wa 4, Mwanza

Mdogo wetu, usirudi. Kitabu chako cha kumbukumbu kinadai idadi ya wazazi uliowazalisha, na usiku ndiko utawapata wengi, kwa hiyo panga kulala hospitali tangu mwanzo. Siku ya kwanza ya mzunguko muulize muuguzi mkuu wa wodi wanafunzi hupumzika wapi, na muulize kwa heshima, kwani ndiye atakayekuamsha mama akifikia kusukuma. Begi lako liwe na kanga mbili (moja ya kutandika, moja ya kujifunika), malapa yaliyofunikwa mbele, mswaki, nguo ya kubadilisha, chupa ya lita moja ya maji na kitu cha kula kisichoharibika; karanga na ndizi zinatosha. Toka kukipambazuka, ukiwa na wenzako. Bodaboda usiyoijua usiku wa manane usiipande hata kwa hatua mia.

Kwa Bugando tunaongeza hili. Hospitali iko kilimani, na vyumba vya bei nafuu viko kwenye miteremko ya mawe, Igogo na majirani zake. Kadiri unavyopanda, kodi inashuka na maji yanakuwa ya shida, maana presha haifiki juu. Uliza tangi la nyumba lina lita ngapi na linahudumia wangapi.

Na Moshi? – Msomaji, Singida

Kwa hospitali ya KCMC, Longuo na Rau ndiko wengi hutafuta. Blanketi zito kwa Juni na Julai. Nunua na kabati, nguo zako zitakuwa nyingi.

Koti jeupe nalitundika wapi? Chumba chetu kina msumari mmoja nyuma ya mlango na taulo zetu zote zipo hapo. – Mwaka wa 3, Dar es Salaam

Popote isipokuwa hapo. Koti limegusa vitanda vya wagonjwa tangu asubuhi, na taulo unajifutia uso. Livue kabla hujatoka hospitali, likunje nje kwa ndani, liingie mfuko wake peke yake. Uwe nayo mawili, moja likifuliwa jingine linavaliwa. Loweka kwenye maji ya moto yenye sabuni, tofauti na nguo nyingine, anika juani, piga pasi ya moto pande zote. Na msumari wa pili unauzwa shilingi mia hivi dukani, ila muulize mwenye nyumba kabla ya kugonga ukuta.