Je, Embarcadero inaitangaza Delphi vya kutosha?

Ndugu yangu, umeuliza kama Embarcadero, kampuni inayomiliki Delphi, wanaitangaza inavyostahili lugha hii ya kuandikia programu za kompyuta. Mimi nasema hapana, na inaniuma kwa sababu lugha yenyewe bado ina nguvu. Unachora fomu (dirisha la programu), unaandika msimbo, na kwenye Windows unapata faili moja ya programu inayofunguka papo hapo.

Tatizo ni kwamba wanazungumza na sisi tuliomo tayari. Kumbuka Turbo Pascal, zana ya kampuni ya Borland ya kuandikia programu kwa lugha ya Pascal, mwaka 1983: iliuzwa chini ya dola 50, mwanafunzi akaimudu, kisha akaingia nayo kazini. Delphi, iliyojengwa juu ya Pascal hiyo, ilipozaliwa 1995 ilikuta watu wameshaandaliwa. Toleo la bure la sasa, Community Edition, lilikuja 2018, wakati vijana wameshazama kwenye lugha za Python na Java ambazo hazikuwadai hata senti. Tena lina sharti: mapato yako yakizidi dola 5,000 kwa mwaka, lazima ununue leseni, na leseni si ya bei ya kitoto.

Matangazo ya kweli yangeanzia vyuoni. Kama una mdogo wako anayetaka kujifunza, mwanzishie Lazarus, zana ya kuandikia programu inayofanana na Delphi; ni ya bure kabisa, na Pascal yake inakaribiana sana na ya Delphi.