Maswali ya Wasomaji: Maji ya waipa, niweke nini?

SWALI: Fundi, habari ya kazi. Mimi naendesha Premio, natoka Malaba kuja Kampala karibu kila wiki. Nikifika Iganga saa kumi na moja jioni jua linanipiga usoni, nikirusha maji ya waipa ndo kwanza kioo kinakuwa cheupe chote, sioni hata lori lililo mbele yangu. Naweka maji ya bomba na sabuni ya unga kidogo. Rafiki anasema niweke koolanti, dukani nao wamenionyesha chupa ya bluu imeandikwa -20, bei yake kali. Nimsikilize nani?
Msomaji, Malaba

JIBU: Ndugu yangu, usimsikilize hata mmoja, na hiyo sabuni ya unga itoe leo leo. Sabuni ya unga ina chumvi ndani yake, maji yakikauka ile chumvi inabaki kwenye kioo, mchana huioni ila jua likija kwa mbele au lori likikuwashia taa usiku ndo kioo kizima kinakuwa cheupe. Halafu ile isiyoyeyuka inakaa chini ya tenki inaziba kichujio cha pampu na vile vitundu vya kurushia maji.

Koolanti ni ya rejeta tu. Kwenye kioo inaacha utelezi kama mafuta, na ni sumu.

Hiyo -20 maana yake maji hayagandi mpaka baridi ifike digrii 20 chini ya sifuri, sasa kati ya Malaba na Kampala baridi hiyo utaipata wapi? Unalipia kitu cha nchi za theluji. Na nyingi za namna hiyo zina methanoli, aina ya pombe yenye sumu, ambayo mtu akinywa hata kidogo inaweza kumpofusha au kumuua, kwa hiyo ukishanunua usije ukaihamishia kwenye chupa ya soda, nakuomba sana, watoto wako nyumbani.

Tafuta dawa ya kioo ya kawaida ile nzito ya kuchanganya na maji, pima kama kibandiko kinavyosema, chupa moja inakwenda muda mrefu. Maji tumia ya mvua uliyoyachuja kwa kitambaa safi, au yale yaliyosafishwa ya dukani, lakini hapo angalia usiuziwe asidi ya betri maana wengine vyote wanaviita maji ya betri. Na maji matupu usiyaache humo wiki na wiki, mwaka 2010 watafiti Uingereza walichapisha kwamba madereva wanaotumia maji matupu bila dawa walikuwa kwenye hatari zaidi ya kupata ugonjwa wa mapafu unaoletwa na bakteria wa lejionela, wanaopenda maji ya uvuguvugu yaliyotuama.

Kabla ya kujaza mpya, nyonya ile ya zamani kwa mpira, suuza tenki mpaka maji yanayoruka yasiwe na povu, vitundu uvizibue kwa sindano ya kushonea polepole. Kisha nyanyua waipa, pangusa raba yake kwa kitambaa chenye maji, utaona weusi unatoka, endelea mpaka uishe. Ukiona bado kuna weupe pitisha kidole kioo kwa NDANI, dashibodi ikipigwa jua inatoa mvuke unaoganda pale na waipa haiwezi kuufikia hata ufanyeje.

Vumbi likijaa usiwashe waipa kavu kabisa, maana chembe za mchanga ni ngumu kuliko kioo na mikwaruzo yake haitoki tena. Rusha maji kwanza. Yakiwa hayatoki achia swichi, pampu ikizunguka bila maji inaungua.

SWALI: Niko Entebbe, wale wadudu wa ziwani wakigonga kioo waipa inawapakaza tu. Mafuta ya taa yanafaa?

JIBU: Hapana dada, mafuta ya taa yanaharibu raba na yanaacha utando. Simama pembeni, lowesha gazeti kwa maji yenye dawa ya kioo, libandike pale walipojaa, subiri dakika kama tano walainike ndo upanguse kwa kitambaa laini. Fanya jioni hiyohiyo, wakishapigwa na jua la kesho yake watakusumbua sana. Na usiguse steelwool.