Kwa wapya wa kazi za simu hospitali: kuongea polepole na mteja ni ubaguzi?

Nyie mnaoanza kazi ya simu kwenye hospitali za huku Marekani, hili swali mtalisikia mapema tu, tena kutoka kwa wenzenu wa hapohapo kazini: ukibadilisha namna ya kuongea kwa sababu mteja Kiingereza si lugha yake, si unambagua? Mi nasema inategemea umeanzaje na amemaliza simu na nini mkononi.

Ukiona tu jina la Kikongo kwenye skrini ukaanza kukata maneno kama unaongea na mtoto, hapo ushambagua, hajafungua hata mdomo. Kuna watu wamesoma kwa Kiingereza mpaka chuo Kampala au Nairobi, lafudhi iko palepale, na wanakereka balaa. Sikiliza kwanza, akijibu kitu ambacho hujauliza ndo punguza spidi, na mkalimani muulize kama anamtaka, usimwamulie.

Ila spidi ni jambo dogo bana, shida kubwa iko kwenye bili. Mzungu akipiga anaambiwa unaweza kulipa kidogo kidogo kila mwezi, au jaza fomu ya msaada, maana hospitali zisizo za faida sheria ya kodi inazilazimisha kuwa na utaratibu wa kusaidia wasio na uwezo. Anapiga mama wa Kikongo, mhudumu anaona kuelezea yote hayo ni safari ndefu, anamtajia jumla na sehemu ya kulipia, basi. Na kaongea kwa upole kweli! Upole wenyewe ndo umemwachia mama deni lote.

Na wale wa "mi wote nawahudumia sawasawa" wajue hoja yao ilishafika Mahakama ya Juu mwaka 1974, kesi ya wanafunzi wa Kichina wa San Francisco waliokuwa wanapewa vitabu na walimu walewale kama wenzao, kwa lugha wasiyoielewa. Mahakama ikasema huo si usawa, ikitumia Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, inayokataza ubaguzi kwa yeyote anayepokea pesa za serikali kuu, iwe shule au hospitali. Machi 2025 Trump alitangaza Kiingereza lugha rasmi na kufuta agizo la Clinton la 2000 kuhusu huduma za lugha, kuna mabosi wakadhani mambo ya mkalimani yameisha, lakini agizo la rais halifuti sheria ya Bunge.

Kingine, tarehe. Usimtajie mtu 4/7, huku ni Aprili 7 ila aliyetoka Bukavu anaisoma Julai 4 na miadi inampita, taja mwezi kwa jina, tena fanya hivyo kwa kila mtu. Mkalimani akiwa kwenye laini ongea na mteja mwenyewe, achana na "mwambie kwamba". Na akipewa simu mtoto wake atafsiri, mwombe kwa adabu amrudishie mama halafu uunganishe mkalimani, kanuni za afya haziruhusu umtegemee mtoto labda iwe dharura, na hebu fikiria majibu ya vipimo yanapita kwa mtoto wa darasa la nne.