Misuli kubana kuanzia km 30: tatizo lako sio ndizi

Mkuu, kwa nilivyokuelewa ni hivi: kwenye marathon (km 42) unaenda freshi kabisa mpaka km 28 au 30, afu vigimbi vinaanza kucheza vyenyewe kama kuna mdudu ndani, ukilazimisha vinakaza jiwe na unaishia kutembea mpaka finishi. Na wadau wote waliokujibu wamekupa jibu moja, ongeza maji, kula ndizi, meza magnesiamu. Mimi nakimbia huku Mbeya na klabu ya joging, siku za mbio mara nyingi napewa kundi la nyuma, kwa hiyo watu waliobanwa nimeshawakunjua wengi tu barabarani, na mimi mwenyewe kigimbi changu cha kushoto kina historia hiyo. Maji na ndizi ni sehemu ndogo sana ya hii habari. Wewe siku ya mbio unaidai miguu kazi ambayo hujawahi kuifundisha.

Hii ya maji na chumvi haikuanza jana, ilitoka zamani kwa wachimba migodi na wale wa kuchochea makaa kwenye meli, watu wanatoka jasho kwenye joto la kufa mtu afu wanabanwa, wakipewa maji yenye chumvi wanapata nafuu. Sikatai, ipo. Ila jiulize, mkimbiaji anabanwa wapi? Kigimbi, nyama za nyuma ya paja, mara moja moja paja la mbele. Yaani misuli ile ile inayopiga kazi. Kama ni chumvi imeisha kwenye damu mbona mkono haubani, mbona shingo haibani, damu si ndo hiyo hiyo inazunguka kote? Na mbona ukivutwa vidole vya mguu kigimbi kinaachia hata kabla hujaonja tone la maji?

Ndo maana mwaka 1997 madaktari wa michezo wa Afrika Kusini, Martin Schwellnus na wenzake, wakaja na maelezo tofauti, kwamba msuli uliochoka mawasiliano yake na uti wa mgongo yanavurugika, amri ya kukaza inazidi na ile ya kulegeza inapungua, basi unakaza wenyewe bila ruhusa yako. Baadae wakapima damu za watu wa Two Oceans, ile mbio ya km 56 kule Cape Town, waliobanwa na ambao hawakubanwa, upungufu wa maji haukuwatofautisha na chumvi tofauti yake ilikuwa ndogo ya kutokuwa na maana kitabibu. Kwenye Ironman nako, yale mashindano ya kuogelea, baiskeli na kukimbia kwa mpigo, wakaona wanaobanwa ni wale waliokwenda kasi zaidi na wale ambao walishawahi kubanwa huko nyuma. Sio kwamba kesi imefungwa, wapo wataalam bado wanasema kuna watu jasho lao lina chumvi sana na kwao chumvi inahusika. Ila kwa mtu kama wewe ambaye unabanwa kilomita zile zile kila mbio, sehemu ile ile, mimi naanza na uchovu wa msuli.

Sasa pesi, yaani muda unaotumia kwa kila kilomita. Umesema unatafuta saa 4. Saa 4 kwa km 42.195 ni dakika 5 na sekunde 41 kwa kilomita. Afu humo humo kwenye maelezo yako unasema 10 za kwanza ulipita na dakika 52, mkuu hiyo ni 5:12, ukiishikilia unamaliza saa 3 na dakika 39! Wewe sio mtu wa 3:39 kwa mazoezi uliyoyataja, longi rani yako kubwa, yaani mazoezi yako ya mbio ndefu, ni km 24 tena ya kupiga stori. Kwa hiyo ile raha ya asubuhi, mziki, watu wanashangilia, umeshakopa, na deni linakuja kudaiwa km 30. Mimi watu wangu nawaambiaga km 10 za kwanza kama hujisikii aibu kwa unavyopitwa basi unaenda kasi sana.

Longi rani zako zipandishe taratibu mpaka km 30 au 32, sio kila wiki, na baadhi yake kilomita 6 mpaka 8 za mwisho zikimbie kwa pesi ya mbio yenyewe ukiwa tayari umechoka. Hapo ndo unaifundisha miguu kukaza na kuachia ikiwa imechoka. Hii ndo kitu kilichonisaidia mimi kuliko vyote nilivyowahi kumeza.

Na milima, hasa kushuka. Watu huku kwetu wanasifia kupanda tu, utasikia nimepanda barabara ya Chunya mpaka Kawetire, nimetoka Ipogolo mpaka Iringa mjini bila kusimama, sawa hongera, lakini msuli unaumizwa zaidi wakati wa kushuka kwa sababu unarefuka huku unashika breki. Sisi tukitaka kujipima tunatokea Uyole, Igawilo, tunapanda mpaka Isyonje afu tunamwaga ule upande wa Kiwira. Mgeni akija anaona kupanda ndo mateso na kushuka ndo zawadi, anaachia miguu, anakita kisigino kwa hatua ndefu huku amejipinda nyuma, kesho yake kushuka ngazi za nyumbani anashika ukuta. Shuka kwa hatua fupi fupi za haraka, mwili uelekee mbele kidogo, goti lisinyooke kabisa. Na uanze na mteremko mdogo, baada ya wiki kadhaa unaona tofauti. Ukija kukimbia kama ile Kilimanjaro Marathon ya Moshi ambayo unapanda kuelekea Mweka afu unageuza unashuka, wenzako wengi wanabanwa kwenye mteremko huo huo wakati pumzi wanayo.

Hata mzee wetu John Stephen Akhwari, yule Mtanzania wa marathon ya Olimpiki ya Mexico City 1968, watu wanakumbuka lile goti lililofungwa bandeji, wanasahau kwamba inasimuliwa misuli ilianza kumbana kwanza kwa sababu ya mwinuko, mji ule uko kama mita 2,240 na hakuwa amejiandaa kwa hali ile, afu ndo akaja kuanguka. Sisi wa nyanda za juu tunajiona hilo halituhusu, kumbe letu linakuja kinyume. Unafanya mazoezi Mbeya asubuhi umevaa sweta, au Njombe kule Juni baridi inakata masikio, afu unapanda basi kwenda kukimbia Dar. Lile joto na unyevu moyo unaenda mbio pesi ile ile, jasho linamwagika usilolizoea. Mwili unahitaji wiki moja mpaka mbili kuzoea joto, kama huwezi kwenda mapema basi punguza pesi, hakuna ujanja mwingine.

Maji: kunywa kwa kiu, usijaze tumbo. Hii nasisitiza maana nimeona watu wanabeba lita moja na nusu na bado kila kituo wanakunywa, tena mtu wa saa 5 au 6 ndo hatari zaidi kwa sababu anapita vituo vyote bila haraka. Kwenye Boston Marathon ya Marekani mwaka 2002 walipima damu wakimbiaji 488 waliomaliza, asilimia 13 sodiamu yao ilikuwa imeshuka kupita kiasi, na waliokuwa hatarini zaidi ni walioongezeka uzito wakiwa mbioni, yaani walikunywa kuliko walivyotoka jasho. Hiyo inaua. Mtu anachanganyikiwa, anatapika, kichwa kinauma, na msamaria anamuongezea maji akidhani yamemuishia.

Kama fulana yako ikikauka inabaki na ramani nyeupe na macho yanawasha kwa jasho, wewe ni wa chumvi, ORS ya duka la dawa inatosha kabisa, ichanganye kwa kiasi cha maji kilichoandikwa kwenye pakiti, usikisie. Ndizi kula, tena za Tukuyu tamu, zinakupa wanga na wanga unachelewesha kuchoka, ila kinachotoka kwa wingi kwenye jasho ni sodiamu na ndizi sodiamu haina, ina potasiamu. Magnesiamu kwa kubanwa kwa mazoezi hakuna ushahidi wa maana, hela hiyo nunua viazi. Na usiku wa kuamkia mbio ulanzi uache, wenyeji wa Iringa mtanisamehe.

Kingine ambacho watu wanakidharau ni nguvu za kigimbi chenyewe. Simama kwenye ukingo wa ngazi kwa mguu mmoja, shika ukuta, panda juu kwa vidole, afu shuka pole pole, hesabu mpaka tatu, kisigino kiende chini ya ngazi. Mara 12 mpaka 15, pumzika, seti tatu, siku mbili tatu kwa wiki. Fanya goti likiwa limenyooka, afu siku nyingine goti limekunjwa kidogo maana kuna msuli wa ndani zaidi hapo unaofanya kazi ukikunja. Kunyoosha misuli tu kabla ya mbio kama kinga, sijaona ikisaidia. Na raba angalia, ukitoka kwenye raba yenye kisigino kirefu ukachukua mtumba flati pale Mwanjelwa kwa sababu ni nyepesi, kigimbi ndo kinabeba mzigo, izoee kwanza.

Ikikukuta njiani usisubiri ibane. Ule mchezo-mchezo wa msuli ndo honi, hapo hapo punguza pesi, fupisha hatua, hata ukitembea dakika moja hupotezi kitu. Ikishabana simama, kaa chini, nyoosha goti, vuta vidole vya mguu kuelekea kwako taratibu, shikilia mpaka usikie nyama inalegea kama sekunde 30, achia kidogo kidogo. Usikubali jamaa wa pembeni aje aanze kukukanda kwa ngumi au akuvute kwa kushtukiza. Wengine wanabeba siki kidogo kwenye kichupa, na wala sio uchawi: mwaka 2010 Marekani walijaribu maji ya achari yenye siki kwa watu waliobanishwa misuli kwa umeme, yakaachia haraka kuliko waliokunywa maji ya kawaida, haraka mno kuwa yameshaingia kwenye damu, inaonekana ule ukali kooni ndo unatuma taarifa ya kulegeza. Kwangu inafanya kazi siku nyingine, siku nyingine nabaki na kiungulia tu.

Vidonge sasa. Kwinini achana nayo kabisa, kuna wazee wanaishauri kwa miguu kubana, inaweza kuvuruga mapigo ya moyo na damu, Marekani walishatoa onyo isitumike kwa hilo. Diklofenaki, ile dawa ya maumivu, kabla ya mbio nayo hapana, figo zinapata shida ukiwa umekaukiwa. Na kama unatumia dawa za presha za kukojoza maji au za kolestro, muulize daktari wako, baadhi zinaleta kubanwa. Ukimaliza mbio ukakojoa mkojo rangi ya kola, au ukabanwa mwili mzima sio mguu tu, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo ukirudi niambie vitu viwili: ni vigimbi vyote au kuna upande mmoja unaanzaga, na uliwahi kuumia kifundo au mshipa wa kisigino upande huo? Maana kama ni upande mmoja kila siku nitakubadilishia mazoezi ya ngazi kidogo.