Jibu: Kwa nini Wafore walihamahama mashamba?
Habari ndugu. Umeuliza kama Wafore wa Okapa, nyanda za juu za Papua Guinea Mpya, walihamisha mashamba kwa kukosa ardhi. Mimi nilipoandaa somo hili kwa wanafunzi wangu, uzio wa mashamba yao ndio ulionifumbua macho, kwa hiyo anzia hapo. Nguruwe wao walizurura. Mmoja akipenya usiku, viazi vitamu vimefukuliwa na familia haina chakula. Wanaume walifyeka msitu na kujenga uzio wa mbao, kazi nzito kweli. Wanawake walipanda, wakapalilia, wakavuna. Sababu ya kuhama ni udongo: ulipochoka walifyeka kwingine, nyuma yao nyasi zikashika. Hebu linganisha: kaskazini mwa eneo lao nyasi zilitanda, kusini msitu ulibaki mwingi. Kahawa iliingia miaka ya 1950, usiichanganye na kilimo hiki cha zamani.