Fungueni Sura Nzima, Siyo Mstari Mmoja

Wadogo zangu wa mwaka wa kwanza, nimesoma insha zenu za fasihi ya awali ya Marekani na kosa ni lile lile la kila mwaka. Mtu anakutana na jina la Kaini, analipigia mstari, anaandika "hapa kuna dokezo la Biblia," kisha huyoo, aya nyingine. Dokezo umeliona, sawa. Linafanya kazi gani pale? Kimya.

1. Biblia iwe mezani pamoja na itifaki yake, yaani faharasa ya maneno na mistari yanamopatikana. Msitegemee mlichokishika kanisani utotoni. Wapuritani, wale Waprotestanti wa Kiingereza waliohamia Marekani karne ya 17, waliishi ndani ya Kumbukumbu la Torati, Zaburi na Ayubu.

2. John Winthrop, kiongozi wa Wapuritani waliovuka bahari kwenda Massachusetts, hotuba yake ya 1630, na ule mji juu ya mlima. Hapa ndipo mnaponiumiza. Mnakimbilia Mathayo 5:14, mnaandika kwamba walowezi walijiona taifa teule, basi. Kuna dada mmoja, kichwa kizuri kabisa, aliyejenga insha yake yote juu ya kiburi hicho. Kwenye semina akaombwa asome sentensi inayofuata kwa sauti. Akaisoma, akanyamaza, akairudia polepole. Winthrop anasema macho ya watu wote yanawatazama, na wakimsaliti Mungu watageuzwa kisa cha kusimuliwa duniani kote. Onyo hilo linatoka kwenye laana za Kumbukumbu 28, ambako taifa lililoasi linakuwa mithali kati ya mataifa. Mji ulio juu ya mlima hauna pa kuificha aibu yake! Tena hotuba inafungwa kwa maneno ya Musa ya sura ya 30, uzima na mauti vikiwa mbele ya watu. Musa alitaja kuvuka Yordani. Winthrop ameitoa Yordani akaweka bahari kuu. Badiliko hilo dogo ndilo linalowafanya abiria wake kuwa Israeli. Dada yule aliiandika insha upya, na mpaka leo sijasoma nzuri kuliko ile kuhusu Winthrop.

3. Kwa hiyo tafuteni kilichobadilishwa. Nyumba ya mshairi Anne Bradstreet, Mpuritani, iliungua Julai 1666, naye katika shairi lake akalibariki jina la Bwana aliyetoa na kutwaa, kama Ayubu 1:21. Lakini shairi haliishii hapo. Anapita kwenye magofu akikumbuka sanduku lilikaa wapi, na meza ambayo hakuna mgeni atakayekula tena. Msiniambie tu kwamba "ana imani kama Ayubu". Oneni anavyohangaika kuifikia.

4. Mshairi Phillis Wheatley, 1773. Alitekwa Afrika Magharibi akiwa mtoto, akauzwa Boston mwaka 1761. Katika shairi lake anawakumbusha Wakristo kwamba watu weusi kama Kaini wanaweza kutakaswa. Sasa someni Mwanzo 4 hadi mwisho: Kaini anatiwa alama ili asiuawe, wala rangi ya ngozi haitajwi popote. Weusi wa Kaini ni mapokeo ya watu, na Wheatley anazungumza na watu walioyaamini. Nusu yenu mmeandika kwamba Biblia inasema Kaini alikuwa mweusi. Jamani!

5. Mhubiri Jonathan Edwards, hotuba yake ya Enfield, 1741, kuhusu wenye dhambi mikononi mwa Mungu mwenye hasira: anzeni na miguu inayoteleza ya Kumbukumbu 32:35, kisha fuatilieni kila kinachoanguka katika hotuba ile.

Mlioandika kuhusu Wheatley, rudieni. Nitazisoma tena zote.