Maswali yenu: mwani unageuka mweupe, pampu ya jua Makunduchi, na bonde lililoingia chumvi

Barua tatu za wiki hii zote za watu wa pwani, na zote zinauliza kitu karibu kimoja, hawa watafiti wa kilimo na umeme wa jua wanatusaidia nini sie tulioko shamba. Nimezijibu kadiri nnavyojua.

SWALI: Asalam alekum. Mie mkulima wa mwani huku Kiuyu, nna miaka kumi na kitu baharini. Kotonii yangu (aina ya mwani) kila kaskazi ikianza inageuka nyeupe kidogo kidogo halafu inakatika maji yanaichukua. Wenzangu wanasema shamba limetiwa jicho na mume wangu anasema nafunga vibaya. Spinosamu, aina nyengine ya mwani, haifi hivo lakini bei yake ndogo. Jee kuna dawa? (Mama wa mwani, Pemba)

JAWABU: Waalekum salam mamaangu, shkamoo. Hilo la jicho litoe moyoni kabisa, na baba mwambie kwa heshima zote kuwa hufungi vibaya, ni maji ndo yamepata moto. Kotonii haipendi maji yakipita digrii 30 hivi, na nyie mnajua wenyewe bamvua la mchana maji yakitoka yale yanayobaki kwenye vidimbwi huko shamba ukiyatia mguu yanaunguza, sasa huo mwani umo humo masaa mazima na jua la utosi. Unachoka, ukichoka vijidudu vinauingia, pale vilipoingia panakuwa peupe kama barafu na ndo maana wataalamu wakauita aisi-aisi, kisha panalegea panakatika. Masika nayo mvua ikimwaga maji matamu mengi juu ya shamba mambo ni yale yale.

Dawa ya kupulizia hakuna mama, bahari huipulizii. Na kuna jambo jengine watu hawalisemi sana. Mbegu hizi tulizoanza nazo mwaka 1989 huko pwani ya mashariki ya Unguja asili yake Ufilipino, na tangu hapo tunapanda kwa kukata kipande, tunakata tunafunga tunakata tunafunga, kwa hiyo mwani wa shamba zima ni kama mtoto wa mama mmoja, likimshinda mmoja limewashinda wote. Wapo watafiti sasa wanaoangalia mwani wa kienyeji wa bahari zetu kama utapatikana wa kustahamili zaidi. Hiyo kazi si ya mwaka mmoja.

Kinachofanya kazi leo ni kuifuata bahari kwenye kina. Dk. Flower Msuya, aliyekuwa mtafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari hapa Zanzibar, amefanya kazi miaka mingi na kinamama wa mwani, na yeye na wenzake walijaribu kupanda kotonii ndani ya neti za mviringo kama bomba, zinafungwa maji marefu ambako hakupati moto sana na wimbi haling'oi mwani. Tatizo lake unalijua kabla sijakwambia, kule kunataka chombo na kunataka kuogelea, na wengi wenu hamkufundishwa kuogelea wakati kaka zenu walijirusha bandarini toka wadogo. Kwa hiyo mkikaa kikundi na mradi ukija, msiombe kamba na taitai (vijikamba vya kufungia mwani) tu. Ombeni chombo na mwalimu wa kuogelea, tena mwanamke, hicho ni kifaa cha kilimo kama jembe.

Mpaka hapo nunua kipimajoto cha maji, teremka nacho kila siku maji yakitoka, andika kwenye daftari la mtoto. Ukiona joto linapanda siku tatu mfululizo vuna mapema usingoje kipande kinenepe. Kilichoanza weupe kitoe pwani kabisa, usikiache kinaelea baina ya wenzake. Kipwa cha karibu tia spinosamu miezi ya kaskazi. Na anika kwenye chanja mama, mwani wenye mchanga ndo unaokupunguzia bei mara ya pili.

SWALI: Mambo vipi. Nipo Makunduchi nna robo eka ya tungule na pilipili boga na kisima tulichochimba na mzee. Petroli ya pampu inanimaliza. Fundi mmoja kanambia ninunue paneli za wati 1500 na pampu kubwa, bei yake ntauza mpaka baiskeli. Ni sawa? (Kijana wa Makunduchi)

JAWABU: Poa mwanangu, usiuze baiskeli. Njoo tufanye hesabu mie na wewe. Robo eka ni kama mita za mraba 1000, tungule siku ya jua kali zinataka maji kama milimita 5, hizo ni lita 5000 kwa siku, yaani ndoo 250 za lita ishirini. Tuseme kutoka uso wa maji kisimani mpaka kwenye tangi juu ni mita 15. Kunyanyua lita 5000 mita 15 ni wati-saa 204 tu, na kwa kuwa pampu na nyaya zinakula zaidi ya nusu tuseme 510. Jua letu la kawaida linakupa kama masaa 5 ya nguvu kamili kwa siku. Paneli ya wati 200 inakutosha na inabaki, na ukiweka mipira ya matone maji yenyewe yatapungua. Huyo fundi labda hana nia mbaya lakini hajapima kisima chako, hajauliza umelima nini, sasa hizo 1500 kazitoa wapi?

Lakini lililonifanya nikujibu kwa kirefu si pesa. Huko kwenu ni maweweni, na maji matamu ya maweweni yanaelea juu ya maji ya bahari chini ya mawe, kama mafuta ya taa juu ya maji. Kanuni yake inajulikana zamani, kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari imebeba kama mita 40 za maji matamu chini yake. Ukiishusha ile mita kwa kuvuta, chumvi inapanda kutoka chini, na inapanda kwa kasi kuliko unavyofikiri. Wa petroli anavuta kidogo kwa sababu kila lita inamuuma mfukoni, wa jua hana kinachomuuma, anawasha asubuhi anazima magharibi. Nimeonja maji ya kisima kimoja cha hivo, miaka miwili tu toka paneli zifungwe, tungule zimekauka pembezoni mwa majani kama zimechomwa na wenyewe nyumba ya pili hawana maji ya kunywa tena. Kilichoniuma ni yule bibi wa nyumba ya pili, yeye hakulima hata bungo.

Basi chukua pampu ndogo, ivute polepole siku nzima ijaze tangi, tangi likijaa ijizime, hako ka kuzima weka hata kama ni ghali. Na onja maji ya kisima kila Ijumaa. Ukiweza pata ile mita ndogo ya kupima chumvi, gawaneni bei watu watano.

SWALI: Bonde letu Micheweni maji ya bahari yameingia, mpunga unaota ukifika kutoa shuke unakuwa mapepe, punje tupu. Tumeambiwa kuna mbegu haiogopi chumvi. (Mkulima, Micheweni)

JAWABU: Shkamoo mzee wangu. Mbegu zipo lakini "haiogopi" ni neno kubwa. Taasisi ya kimataifa ya mpunga huko Los Baños, Ufilipino, imetumia sana mpunga mmoja wa zamani uitwao Pokkali wa mabonde ya pwani ya Kerala, upande uleule majahazi ya kaskazi yalikokuwa yakitoka, kuutia ustahamilivu wake kwenye mbegu nyengine. Tanzania Bara zimetolewa SATO 1 na SATO 9 kwa ajili ya mashamba ya chumvi. Mpunga wa kawaida ukipita kipimo cha 3 (dS/m) kwenye mita ya chumvi unaanza kupoteza kama asilimia 12 kwa kila kipimo kimoja kinachoongezeka, na maji ya bahari ni kama 50, kwa hiyo bamvua likiwa linaingia moja kwa moja hakuna mbegu itakayokuokoa. Chumvi inauumiza zaidi katika nyakati mbili, ukiwa miche na wakati wa kutoa maua, na hayo mapepe yako ni ile ya pili.

Anzeni na tuta, na mikoko mbele yake mliyoikata irudishwe. Masika ya kwanza acheni mvua ijae bondeni muifungulie itoke na chumvi yake, mara mbili tatu, ndo mpande. Kabla ya hapo tia udongo wa sehemu tatu za bonde kwenye mifuko mitatu, andika juu umetoka wapi, mpelekee bwana shamba aupeleke kwa watafiti wa kilimo ukapimwe. Majibu yakija niandikie tena na namba zake, nitakwambia kipi cha kupanda wapi.